Mama wa Bibliotheki na Kitabu cha Mimba

Amekufa mama aliyetunza vitabu vya shule yetu ya sekondari hapa Bunia. Habari yenyewe niliipata sokoni, mbele ya meza ya samaki wa Tchomia, kutoka kwa mwanamke mmoja niliyemfundisha zamani. Alikuwa akifinya samaki matumbo ili kujua waliokauka vizuri. "Mualimu, umesikia? Mama wa bibliotheki amekufa." Nikampa pole, kama mtu mwenye adabu. Akacheka, wala hakujificha. "Pole ya nini? Ule mama alinipatia buku ya mutoto mwizi mbele ya klasi muzima. Nilikuwa naiba, ni kweli. Lakini nani alimuuliza?" Kisha akaendelea kubishana na muuzaji juu ya bei, na mimi nikabaki nimesimama pale na kikapu changu, sijui kama nilie au nicheke naye.

Kwetu mtu akifa hugeuka malaika kabla jeneza halijafika. Mchoyo tunaambiwa alikuwa na mkono wazi, mlevi tunaambiwa alipenda watu. Nimechoka na matanga ya namna hiyo, nanyi mnaonisoma mnanijua, kwa hiyo sitawapikia uongo. Mama huyu alikuwa na ulimi wa pilipili, na kwa miaka mingi aliwatesa watoto wetu kwa riwaya. Ndiyo, kwa riwaya! Ilikuwa miaka ile bunduki zilipokuwa zimenyamaza lakini hazijarudishwa. Chumba cha vitabu kilikuwa bado na masizi ukutani, maana watu waliokimbia vijiji vyao walipikia mle. Wafadhili wakaleta masanduku ya riwaya za vijana, nyingi za Kifaransa, chache za Kiswahili, na mama akapewa ufunguo. Hakumruhusu mtoto yeyote achague. Ukiingia, alikutazama kuanzia viatu mpaka nywele, akakuuliza swali moja tu, "Kwenu munalalaka namna gani?" au "Baba yako iko wapi?", halafu, bila hata kungoja jibu, akaenda kwenye rafu na kukuletea shida yako mwenyewe imechapwa. Yatima alipewa yatima. Mwenye mama wa kambo alipewa mama wa kambo. Aliyenuka moshi alipewa kijana anayevuta bangi mpaka anakufa. Nilimwuliza siku moja kwa nini hampi mtoto hata mmoja kitu cha kumchekesha. "Mualimu," akanijibu, "mugonjwa wa malaria unamupatiaka dawa ya malaria. Weye ungemupatia sukari?"

Na kwa kuwa vitabu vilikuwa vichache, shule nzima ilivijua kwa majalada yao. Chenye jalada jekundu kilikuwa cha baba mlevi. Cha kijani kilikuwa cha wizi. Chenye picha ya msichana aliyejifunika uso kwa kitenge, wanafunzi walikiita kitabu cha mimba, kwa sababu ndani yake msichana wa shule anapewa mimba na dereva wa lori na kufukuzwa kwao. Watoto walivibeba chini ya sweta, jua likiwaka, wakitoka jasho kama wapika mikate, ili watu wa barabarani wasione. Lakini walivisoma, hilo lazima nilikubali hata kama linanichoma. Nimefundisha Kifaransa muda mrefu, na sijaona watoto wengine waliosoma kama wale. Mtu akipewa siri yake ndani ya kitabu hawezi kukiweka chini.

Prefe wetu, mkuu wa shule, alikuwa na mwana mwaka wa tatu. Prefe huyo alikuwa mtu wa kanisa, na kwenye sherehe alishika chupa ya soda juu kabisa ili wote waione. Mama akampa mwana wa prefe kile cha jalada jekundu. Wee! Kabla kengele ya kutoka haijalia, walimu wote tulikuwa tumejua kwa nini macho ya mkubwa wetu huwa mekundu asubuhi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Prefe angeweza kumfukuza mama kazi, lakini kumfukuza kungekuwa kukiri, basi akameza. Kuanzia hapo "mama hakosei" ikawa kama aya ya Biblia katika mtaa wetu. Wazazi walikuja langoni wasiulize alama za watoto, wakauliza kitabu. Mama mmoja alimchapa mwanawe fimbo kwa ajili ya kile cha kijani kabla hata hajaangalia kama kuna kitu kilichopotea nyumbani. Na mwenye bibliotheki alilipenda jina hilo. Nilimwona akilivaa kama kitenge kipya, akitembea polepole uwanjani ili watu wamtazame.

Sasa nifike kwa binti. Alikuwa mwaka wa sita, mwaka wa mwisho, ana miezi michache tu kabla ya mtihani wa taifa. Kwao ni mtaa wa Saio, watu wa ng'ombe ambao vita viliwaachia kamba tu za kufungia. Binti aliona ng'ombe wa baba yake wakifa na hapakuwa na mtu wa kuwatibu, akaapa atakuwa daktari wa mifugo. Bila diploma ya mwaka wa sita ndoto hiyo ilikuwa hewa. Alikuwa wa kwanza darasani kwangu, na sikuwa na shaka naye hata kidogo. Siku hiyo nilikuwa bibliotheki narudisha kamusi. Binti akaingia, na kabla mama hajaanza kumpima kuanzia viatu, akasema neno ambalo hakuna mtoto aliyewahi kulisema mle ndani: "Mama, leo unipatie ile buku weye mwenyewe unapendaka." Uso wa mama ukalegea, akawa kama msichana anayeombwa kucheza. Akaenda rafuni, akavuta kile chenye msichana aliyejifunika kitenge, akakipangusa kwa kiganja. "Hii njo muzuri kupita yote," akamwambia. "Nimeisoma mpaka karatasi zimechoka. Angalia namna anaelezeaka mvua." Binti akakipokea kwa mikono miwili, akatoka nacho amekikumbatia kifuani, wazi, bila kukificha. Kwa nini akifiche? Alikuwa amepewa kitu kizuri.

Kufika jioni Saio yote ilikuwa na habari. Baba yake alimngoja mlangoni na hakuuliza kama ana mimba, aliuliza ni ya nani. Binti akalia, akaapa, akaeleza. Mama mzazi, Mungu ambariki kwa akili hiyo, akampeleka kituo cha afya, na mwuguzi akapima akasema hakuna kitu. Wakarudi na jibu hilo kwa baba. Mnajua alisema nini? Alisema mwuguzi ni kijana wa juzi tu, lakini yule mama wa vitabu amewajua watoto wa Bunia tangu zamani. Kati ya mkojo wa mwanawe na jalada la riwaya, mzee akaamini jalada. Prefe naye akaliondoa jina la binti kwenye orodha ya watakaofanya mtihani, maana shule ilikuwa na heshima yake, na mwanafunzi mwenye mimba hakai darasani. Tukangoja tumbo. Nasema "tukangoja" kwa sababu mtaa mzima uliketi kama watu wanaongoja basi. Tumbo halikuja. Mnadhani watu waliona haya? Hapana, walipata utamu mpya. "Ameitosha," wakasema, yaani ameitoa mimba. Tumbo likija ana hatia, lisipokuja ana hatia mara mbili. Tuna methali tunayoipenda kupita kiasi, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi ningependa kukutana na aliyeitunga nimwonyeshe binti huyu.

Mama wa bibliotheki alipoelewa alichokifanya, alikwenda mwenyewe kwa prefe, nami nilikuwemo ofisini. Alivaa viatu vya Jumapili. "Mukubwa, ule mutoto hana mimba. Aliniomba buku ninapendaka, nikamupatia. Ni vile tu." Prefe akamtazama kwa muda mrefu, na nikaona kitu katika macho yake ambacho sikukipenda, kitu kilichokuwa kimengojea tangu siku ya jalada jekundu. Akacheka kwa upole. "Mama, tangu wakati gani weye unapanaka watu buku juu ya uzuri? Kwangu ulikosa? Basi na huku haukukosa." Kwa mama, kusema alikosea kwa mwana wa prefe kungekuwa kusema uongo, na kuacha ukweli wa prefe usimame kulikuwa kuua ukweli wa binti. Akaenda Saio kwa miguu, akapiga magoti mbele ya baba, mwanamke yule aliyejivuna, akapiga magoti kwenye udongo. Baba akamwinua kwa heshima zote. "Mama, usijisumbue. Siye tunajua una roho ya huruma, unataka kumufichia mutoto. Lakini weye haukosake. Aksanti." Akampa maziwa anywe kabla ya kurudi. Wiki chache baadaye binti alipelekwa Aru kwa shangazi yake, na kule akaozwa kwa mfanyabiashara wa mpakani aliyekuwa na mke tayari, haraka, kabla watu wa Aru hawajasikia.

Nimefikiri sana kwa nini sisi, watu wenye akili zetu, tulifanya vile. Jibu nililonalo halipendezi. Wakati wa vita tulisimama kwenye vizuizi vya barabarani, na kijana mwenye panga alitutazama pua, akasikiliza namna tunavyotamka neno maji, akauliza tunalala mtaa gani, na kwa alama moja akaamua nani apite na nani asipite. Amani ilipokuja, vizuizi viliondolewa barabarani, lakini macho yale tulibaki nayo. Tulijifunza kumsoma mtu kwa alama moja na kumaliza. Mama wa vitabu hakutufundisha hilo, alitukuta nalo, akalitumia, akalipenda, na siku alipojaribu kufanya kitu kingine, kumpa mtoto kitabu kwa sababu mvua yake imeandikwa vizuri, hatukumruhusu. Ukatili wake tuliuamini mara moja. Wema wake tulimwambia hauwezekani.

Baada ya hapo hakumchagulia mtu tena. Mtoto akiingia, alionyesha rafu kwa kidevu: "Angalia weye mwenyewe." Watoto walizunguka, wakagusagusa, wakatoka mikono mitupu. Vitabu vikaanza kukaa na vumbi. Nilimkuta mara moja amekishika kile cha mimba magotini, hakisomi, amekishika tu, nikamwambia maneno ya kijinga ya faraja. "Nyamaza, mualimu," akaniambia. "Weye ulikuwa unachekaka." Alikuwa na haki.

Juzi nilienda matanga. Watu walikuwa wengi chini ya turubai, chai ilikuwa na sukari ya kutosha, na malaika aliyelelewa na watu wa Bunia alikuwa tayari amepata mabawa: alipenda watoto, alikuwa mama wa wote, na kadhalika. Mara binti akaingia, sasa mwanamke mnene wa makamo, ametoka Aru na mavumbi ya njia kwenye kilemba. Mchungaji, ambaye ni mgeni na hajui kitu, akauliza kama kuna aliyesoma vitabu vya marehemu anayetaka kusema neno. Akasimama yeye. "Mimi nilikuja kumulia," akasema. "Siku moja alinipatia kitu ya muzuri. Watu wote banasema alinipatia haya, lakini mimi njo nilikuwa pale. Ilikuwa kitu ya muzuri." Akaketi, akalia kwa sauti, kilio cha kweli, cha kwanza nilichokisikia siku hiyo. Wamama wawili waliokuwa nyuma yangu wakasogezeana vichwa. "Unaona?" mmoja akasema. "Sasa amekubali ile mimba yeye mwenyewe." Binti aliwasikia. Akageuka, machozi yakimtiririka, akawaambia, "Bamama, mutoto wangu wa kwanza alizaliwa miaka mbili baada ya ile buku. Muhesabu." Yule mwingine akamjibu kwa sauti laini ya kufariji, akimpapasa bega, "Ule wa pili tunamujua, mama. Ule wa kwanza Mungu amupokee."

Nilitaka kusimama na kupindua chai yao. Sikusimama, ilikuwa matanga. Badala yake nimekuja hapa kwenye safu yangu, na somo nililolipata nawaachia, lifanyieni mtakalo: msimwache mtu yeyote afike mahali pa kuambiwa hakosei kamwe, awe mchungaji, awe daktari, awe mama mwenye ufunguo wa vitabu. Siku atakapotaka kusema ukweli mwingine, mtamzika nao akiwa hai, pamoja na mtoto wa mtu. Basi naandika waziwazi, kwa wino, mahali panaposomwa na wengi: binti yule hakuwa na mimba. Nilikuwa mwalimu wake, nilimwona kila siku, hakuwa na mimba. Na najua kwamba hivi sasa, huko Saio, kuna mtu anayesoma sentensi hii na kumwuliza mwenzake, "Ule mualimu, juu ya nini anamuteteaka hivi?"