Mama Mkwe na Toleo la Kwanza

Jarida letu lilianza kwa hasira. Mwenzangu, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari kule Chamwino, alikuwa amechoka kufundisha hadithi ambazo kila mtu ndani yake anaishi karibu na bahari. Siku moja mwanafunzi wake alimuuliza kama watu wa Dodoma nao wanaruhusiwa kuandikwa vitabuni. Alinisimulia hayo tukila chipsi mayai jirani na ofisi yangu, na hakuwa anacheka.

"Tutengeneze jarida," alisema. "La huku kwetu tu. Mpwapwa, Kondoa, Chemba, basi."

Tukatangaza kwa simu, kundi hadi kundi. Kazi zikaja, nyingi zikiwa mashairi ya mapenzi. Halafu ikaja hadithi ya nesi mmoja wa Hombolo. Yeye ni Msandawe wa Chemba, ameolewa na Mgogo. Aliandika juu ya mwaka wake wa kwanza wa ndoa, alipoishi na mama mkwe asiyemsemesha. Asubuhi mama anaitikia shikamoo, basi. Jioni anamsogezea bakuli la mlenda na kugeukia upande wa pili. Kisha anaingia jikoni na redio yake, anaanza kunung'unika peke yake. Bibi harusi alikuwa akilia shambani kwenye zabibu, akiamini kwamba ananung'unikiwa yeye.

Mwalimu alimaliza kuisoma akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Tuliiweka ukurasa wa mbele. Nesi alituomba jambo moja tu, tusiandike jina lake.

"Mama hasomi," alisema, "lakini Hombolo ni ndogo."

Toleo lilipotoka tulilizindua hukohuko Hombolo, Jumamosi mchana, kwenye darasa la shule ya msingi. Kulikuwa na soda na karanga. Nesi alikuwa amesimama tayari kuisoma kana kwamba ni hadithi ya mtu mwingine, pale mama mkwe wake alipoingia, amejifunga kanga mpya, akapita katikati ya madawati na kuketi mbele kabisa.

"Shikamoo, mama," nesi alisema.

"Marahaba. Nimesikia kuna habari zangu zinasomwa. Soma."

Nilimtazama mwalimu, naye akatazama karanga zake. Hapakuwa na la kufanya. Nesi akasoma yote, bila kuruka hata mstari. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Wote tulikuwa tunamsubiri mama.

"Umeandika vizuri," alisema hatimaye. "Ila hukujua." Akatugeukia sisi wengine. "Wakati ule Kiswahili changu kilikuwa cha mnadani. Bei gani, punguza, kwaheri. Huyu amekuja na Kiswahili cha chuo. Akiongea Kisandawe na ndugu zake kwenye simu ndiyo kabisa, ulimi unagonga tu, siambulii kitu. Nikaona nitachekwa na mkwe ndani ya nyumba yangu. Nikawa nasikiliza taarifa ya habari, nayarudia maneno jikoni."

"Kumbe ulikuwa unajifunza?" nesi aliuliza. "Mimi nilidhani unanisema, mama."

"Nikuseme kwa lipi? Nilikuwa nasema 'kikao cha baraza la mawaziri.' Sasa wewe mwanangu, jioni unakula mlenda, ningekuanzaje na kikao cha baraza la mawaziri?"

Darasa zima lilivunjika mbavu. Nesi alicheka mpaka akalia, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake, na mama akamfuta uso kwa pindo la ile kanga mpya. Mwalimu, ambaye hata sherehe haimzuii kufanya kazi, alishamwinamia mama akimwomba atupe simulizi yake kwa toleo la pili.

Alitupa. Yeye alisimulia, mkwewe akaandika, na nilikuwapo siku walipoisomea pamoja barazani kwao. Walibishana mahali pamoja tu. Nesi alikuwa ameandika, "Nilimpenda tangu siku ya kwanza."

"Sikusema hivyo," mama alikataa. "Nilisema nilimzoea. Kupenda kulikuja baadaye. Kaweke baadaye."

Nesi akafuta, akapeleka sentensi ile karibu na mwisho. Nami, niliyejiona mhariri, nikarudisha kalamu mfukoni.

Siku hizi mama hakosi uzinduzi hata mmoja. Hukaa mbele, husikiliza ameinamisha kichwa, na waandishi wetu humwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi. Mara ya mwisho kijana mmoja kutoka Kibakwe alisoma shairi refu la kumlilia mpenzi wake, la machozi na usiku usioisha. Makofi yalipotulia, mama alinyoosha mkono.

"Mwanangu, shairi ni zuri. Lakini huyo binti, umeshamwambia?"

Kijana akakiri kwamba bado.

"Basi kaa hapa ule karanga, halafu umpigie."