Kidato cha Kumi na Mbili

Shemeji yangu ni fundi mwashi, na mtaa mzima humwita Mzee Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Jina hilo alijipa mwenyewe. Hakuna aliyewahi kupanda ngazi za nyumba yake ambaye angempa.

Nyumba aliijenga kwa mikono yake, miaka thelathini na moja iliyopita, ghorofa moja na ngazi ya vidato kumi na viwili. Alipopima vidato alisahau kuhesabu unene wa sakafu ya juu, kosa ambalo fundi huonywa siku ya kwanza kazini. Sakafu ilipomwagwa, kidato cha mwisho kikawa kirefu kuliko vingine kwa vidole vitatu. Mgeni asiyejua hugonga ukingo kwa kidole cha mguu na kuingia chumbani kwa magoti.

Alipokuwa na miaka arobaini, nimpe haki yake, aliona aibu. Kila mgeni akijikwaa alinyong'onyea, akaahidi kuirekebisha ngazi mwaka ujao. Alipofika hamsini aliacha kuahidi. Sitini, kosa likawa mzaha wa kuwachekeshea watu. Sabini, likawa busara.

"Ngazi hii niliifanya hivi makusudi," aliniambia bila kupepesa macho. "Mwizi akija, lazima aanguke."

Naapa alikuwa anaamini. Watu husema uzee huleta hekima. Kwa shemeji yangu umeleta usahaulifu tu, ukavalishwa koti la hekima.

Mwizi hakuja. Aliyeanguka ni dada yangu, mke wake, mwaka huu, akiwa na miaka sitini na tisa, amebeba nguo zilizokauka. Kidato alikijua vizuri, ila siku hizo mguu wake haukuinuka kama zamani. Aliporomoka vidato vinne, nyonga ikavunjika.

Alikaa hospitali karibu miezi miwili. Binti yao alitaka akitoka akaishi kwake, nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja, nami nilimuunga mkono. Dada hakukataa wala hakukubali. Alisema anasubiri mumewe atamke kwamba alikosea kupima. Akitamka, atarudi kwake. Asipotamka, ataenda kwa binti.

"Ni neno moja tu, mdogo wangu," aliniambia. "Hata samahani sitaki."

Nilimpelekea shemeji ujumbe. Nilimkuta sebuleni anapuliza chai.

"Alikuwa na haraka," alisema. "Ile ngazi anaijua miaka yote."

"Shemeji, ulipima vibaya. Sema hivyo, mkeo arudi nyumbani."

"Mambo ya ujenzi huyajui wewe."

Kweli siyajui. Nilikuwa karani wa posta mpaka nikastaafu. Lakini vidole vitatu naweza kuvihesabu.

Asubuhi yake alinunua saruji. Alikwangua vidato, akaongeza zege juu ya kila kimoja, kidogo pale chini na zaidi kadiri alivyopanda, mpaka vyote vikalingana kimo. Ilimchukua siku nane, kwa magoti yake mabovu. Majirani aliwaambia anafanya ukarabati.

Binti alinijia machozi yakimlengalenga. "Mama mdogo, si ndiyo ameshakiri?"

Mimi sikulia. Mwanamume anayechanganya zege siku nane ili asitamke neno moja hanitoi chozi.

Dada aliporuhusiwa, akasema apelekwe kwake.

"Neno lenyewe hajasema," nilimkumbusha.

"Ningekuwa na miaka arobaini ningelisubiri," alisema. "Sasa hivi nikilipata, nitalitumia miaka mingapi?"

Nilimdharau kwa jibu hilo, sifichi. Mimi mume wangu nilimwacha nikiwa na miaka thelathini na mbili, kwa kosa dogo kuliko kidato, na sijutii. Huwa najiambia hivyo karibu kila siku.

Tulipanda taratibu, fimbo mkono huu, bega langu mkono ule. Mzee Timazi alisimama juu, mikono nyuma, akingoja kusifiwa. Tulipofika cha kumi na mbili, dada aliuinua mguu kwa nguvu zake zote, juu sana, kama alivyouinua miaka thelathini na moja. Mguu ukatafuta sakafu pale ulipozoea kuikuta, haikuwapo, ukashuka kwa kishindo. Akayumba. Nilimdaka kiunoni.

"Unaona?" alisema shemeji. "Ngazi haikuwa na shida. Shida ni miguu yako."

Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake. Dada akanibana bega ninyamaze, akavuta pumzi kwanza.

"Ni kweli, mzee," alisema. "Imelizoea kosa lako. Basi njoo uifundishe upya."

Shemeji alitazama kidato, akamtazama mkewe, na uso wake ukarudi kuwa ule wa miaka arobaini, uliokuwa na aibu. Neno hakulisema. Alishuka, akanipa fimbo ya dada, akamshika mkono uliokuwa begani mwangu, wakarudi chini vidato vitatu na kuanza kupanda tena, yeye akihesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na moja. Hapo akasimama, akainama, akauweka mguu wa mkewe sakafuni kwa mkono wake mwenyewe.

Nilibaki pembeni na fimbo, dharau yangu haina pa kwenda. Nikawaaga. Sidhani kama walisikia.

Mimi naishi vyumba viwili vya chini, sakafu sawasawa kutoka mlango hadi mlango. Humo hamna cha kunikwaza, wala wa kunidaka.