Krayoni ya Kijani ya Earlene

Shemeji yangu Earlene Tolliver hajawahi kumwomba radhi mtu yeyote hapa Flint, na mimi niliyemwoa mdogo wake nimesubiri zamu yangu karibu miaka ishirini. Alianza kazi kwenye kiwanda cha magari mwaka sitini na tisa, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Wanaume wa mstari wa chasisi hawakutaka mwanamke pale, wakamfichia glavu zake. Akafanya kazi mikono mitupu wiki nzima, malengelenge yakapasuka, na Ijumaa akasimama langoni akawapungia mkono mmoja mmoja huku damu ikimkauka vidoleni. Jumatatu glavu zilirudi, zimefuliwa.

Kazi yake ilikuwa boliti tatu, zile zinazolishika boksi la usukani kwenye chasisi. Gari linakuja, anakaza, anapiga mstari wa krayoni juu ya kila kichwa cha boliti, gari linakwenda. Maana ya mstari ule ni moja tu: hii nimeikaza mimi, na nipo. Krayoni za kiwanda zilikuwa za njano. Februari ya mwaka sabini zikaisha stoo, nyapara akawaambia wakaze tu, alama zisubiri. Earlene akajibu kwamba boliti yake haiondoki hapo bila alama. Kesho yake akaja na krayoni ya kijani aliyoichomoa kwenye mkoba wa shule wa mdogo wake wa miaka minane. Mdogo mwenyewe ndiye Vernell wangu, na wizi ule unasimuliwa nyumbani kwetu kila Krismasi.

Magari yaliyopita mikononi mwake mwezi ule yaliitwa Tanager: milango miwili, silinda nane, mngurumo wa kutetemesha vikombe kabatini. Alilipenda gari lile kwa uchu, na hakuwa na uwezo wa kulinunua. Miaka kumi na minane baadaye mkulima mmoja wa Lapeer akatangaza kwamba anauza moja, limelala ghalani, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Tulikwenda pamoja. Earlene hakutazama injini wala bodi. Alilala chini kwenye kinyesi cha kuku, akamulika tochi nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto, akafuta tope kwa kidole gumba. Mistari mitatu ya kijani, imelala upande usiotakiwa, kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto. Aliinuka, akampa mkulima bei aliyoitaja. Huyu ni mwanamke anayegombania bei ya kitunguu kimoja.

Tulilitengeneza gari lile miaka kumi na mitano. Kila kitu kilifunguliwa, isipokuwa boliti zile tatu. Nilipomwambia kwamba chasisi haipakiki rangi vizuri boksi likiwa palepale, aliniletea mswaki wa meno. Nikapaka kwa mswaki wa meno, siku mbili, nimelala chali, nikimlaani kimoyomoyo. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimeshafungwa na kubomolewa, pamebaki majani na uzio. Miaka yake thelathini ya kazi ilikuwa imebaki kwenye mistari ile mitatu, na sikuliona hilo.

Basi majira ya joto ya mwaka elfu mbili na tatu akalipeleka kwenye maonyesho ya klabu ya Tanager, hapa hapa mjini, kwenye bustani kando ya mto. Alilipeleka kwa kuliendesha, mimi na Vernell tumekaa ndani. Alitaka utepe wa dhahabu, maana gari lenye utepe huo huandikwa kwenye daftari la klabu kwamba liko kama lilivyotoka kiwandani. Unahitaji pointi tisini na tano.

Jaji alikuwa Bwana Haverkamp, suruali nyeupe, tochi mkono mmoja, kitabu cha klabu mkono wa pili. Alizunguka nusu saa akitikisa kichwa kwa furaha. Kisha akainama kwenye gurudumu la kushoto, na furaha ikamtoka.

"Mama, gari zuri kweli. Ila hapa kuna mtoto amechezea."

"Mtoto gani?"

"Hizi alama ni za kijani. Kitabu kinasema njano. Tena zimelala vibaya. Zinakula pointi tatu, unabaki na tisini na nne. Zifute, upige za njano, mimi nitapita tena saa tisa."

"Nilizipiga mimi."

"Sawa, lakini ukipiga inabidi ufuate kitabu."

"Nilizipiga kiwandani, mwaka sabini. Wewe ulikuwa bado unabebwa."

Haverkamp alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Una karatasi yoyote ya kuonyesha hivyo?"

"Nina mkono huu."

Haverkamp akahamia gari lililofuata. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu, nao ulikuwa umejaa viazi vya Vernell. "Shem, si krayoni tu jamani? Futa, chukua utepe wako, kesho uipige tena hiyo kijani."

"Lucius, kula viazi vyako."

"Na krayoni ilikuwa yangu," Vernell akadakia. "Mtu asiiguse."

Saa tisa Haverkamp akarudi, akamulika, akapumua kwa nguvu, akapita. Utepe alipewa Daktari Brozek, daktari wa meno, kwa Tanager jekundu lililokuja juu ya trela limefunikwa nailoni. Pointi tisini na sita. Watu walipiga makofi. Earlene hakupiga. Alichukua kadibodi, akaitandika kando ya gurudumu la kushoto la gari la daktari, akalala.

"Mistari mizuri hii," alisema kutoka chini.

"Kama kitabuni!" Brozek akajibu, amevimba.

"Nani alikaza?"

"Samahani?"

"Mistari nimeiona, baba. Nauliza aliyekaza."

"Fundi wangu... nadhani."

Earlene alinyoosha vidole viwili akaishika boliti ya katikati ya boksi la usukani. Ikazunguka. Ikazunguka tena, kwa vidole viwili, bila spana. "We jaji," aliita, "njoo ushike."

Haverkamp alipiga magoti kwenye majani na suruali yake nyeupe. Akaishika, akaizungusha mwenyewe. Alipoinuka uso wake ulikuwa umepauka.

"Lucius! Spana."

Nilikimbia. Earlene alizikaza zote tatu kwa uzito wake wote, akigumia. Kisha akatoa krayoni kwenye mfuko wa ovaroli, mkono wa kushoto, na kabla hatujapumua mistari mitatu ya kijani ilikuwa imelala juu ya ile ya njano. Haverkamp alimulika, akaenda kumulika gari la Earlene, akarudi.

"Ni mkono mmoja," alisema. Akakitazama kitabu chake kwa huzuni. "Lakini Daktari, sheria ni ileile. Kwa kijani hiki inabidi nikukate tatu. Utakosa utepe."

Nilidhani daktari ataomba kitambaa aifute. Alikuwa anaitazama boliti ya katikati. "Jumapili nilitaka kumpeleka mke wangu ziwani kwa gari hili," alisema. Akabandua utepe kwenye kioo, akamkabidhi jaji. "Kata."

Earlene hakumshukuru, wala hakumtazama jaji. Alijipangusa majani magotini, spana bado mkononi. Kwenye safu ile ya magari yalikuwapo Tanager mengine matano, wenyewe wameacha kula, kila mmoja anatazama gurudumu lake la kushoto. Nikaokota kadibodi, nikaenda kuitandika kwenye gari lililofuata.