Ujumuishi Uani Kwetu

Neno "ujumuishi" nililisikia mara ya kwanza kwenye simu yangu, nikiwa nimekaa mlangoni nachambua maharage, nikacheka peke yangu. Mtangazaji alilitamka kwa Kifaransa, polepole, kama anayemlisha mgonjwa uji. Alisema maana yake ni kwamba hakuna anayeachwa nje. Nikaangalia ua wetu wa Majengo, hapa Goma: nyumba ya kaka yangu upande wa barabara, chumba changu cha mbao upande wa choo, na katikati mawe meusi ambayo mlima ulitumwagia nilipokuwa mtoto. Mimi nje nilikuwa nimeshafika. Nikaongeza sauti.

Polio ilinichukua miguu kabla sijajua kuitumia. Mara ya kwanza nilipouona mlima ukipasuka, moto ukashuka hadi katikati ya mji, mama alinifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, mimi msichana mkubwa wa kwenda shule, akatembea nami hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Watu walimwambia anitue apumzike. Aliwajibu kwa matusi. Alikuja kufa miaka mingi baadaye, kitandani kwake, na pale msibani wenzangu walipolia kwa kumkosa, mimi nililia pia kwa woga. Mlima ukirudia, nani ataniinua?

Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nilipenda podikasti, vile vipindi vya kwenye simu, kwa sababu ya usomi. Usomi wangu uliishia pale ada ilipoishia. Nilizitafuta kwa sababu nilitaka watu wa ua wetu wafundishwe, kabla ya siku yenyewe, kwamba mimi ni mtu wa kuchukuliwa.

Mtawa aliyesimamia chumba cha vitabu cha parokia ndiye aliyenijazia vipindi kwenye simu. Aliniazima pia kitabu kimoja kinene juu ya haki za watu wenye ulemavu. Humo niliona imeandikwa kwamba kasoro haiko kwenye mguu wangu, iko kwenye ngazi. Niliisoma sehemu ile mpaka kurasa zikalegea, na kila nikisoma nilipata nguvu na hasira kwa pamoja. Lakini picha zake! Bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu anapanda njia laini kama meza ya padri, anatabasamu. Aliyechora hajawahi kukanyaga Goma. Huku jiwe la volkano linatafuna tairi jipya kama mtoto anavyotafuna muwa, na mvua ikinyesha hata wazima wanatembea kama sisi.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna kitabu kilichonieleza. Nina trisikli, ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Kwetu ni desturi kwamba mlemavu anayevuka mpaka na trisikli yake hutozwa kidogo kuliko wengine, basi wafanyabiashara wenye miguu yao miwili wanatugombania tuwabebee mizigo. Bwana ambaye msibani hawezi kukusogezea kiti, pale mpakani anakuita "mama" kwa sauti ya asali, anakufunika na mwavuli, anakununulia mandazi, mradi unga wake ufike mkavu. Kaka yangu naye alikuwa hivyo. Ni mfanyabiashara hodari, ameirithi kazi kwa baba yetu aliyetoka Butembo, na kwa miaka yote ile unga wake ulivuka mpaka chini ya makalio yangu. Asubuhi alikuwa anapakia mwenyewe, kwa ustadi, gunia hili hapa, lile kule, kamba inapita hivi. Mikono yake iliijua trisikli ile kuliko ilivyonijua mimi.

Jioni jua likipoa nilianza kuwawekea watu vipindi vyangu. Kaka alikuja, mke wake alikuja na sufuria ya chai, na jirani yetu alivuka na kigoda chake. Jirani huyo ni mama mjane wa Masisi, msemaji wa Kinyarwanda, muuza maziwa na jibini. Nyumba yake ilipakana na yetu ukuta kwa ukuta. Wengine walisikiliza kwa sababu hapakuwa na umeme wa televisheni. Yeye alisikiliza kwa sababu alitaka kujua. Aliniomba nirudishe nyuma, nimfafanulie Kifaransa kigumu, kisha akasema, "Hapo amesema kweli," au, "Hapo anadanganya, huyo hajaona shida."

Kipindi kimoja kilikuwa cha mwanamke mweusi aliyezaliwa Ulaya. Alieleza kwamba kila mahali anapokwenda watu wanamuuliza anatoka wapi, akitaja mji wake wanamuuliza tena, hapana, kwenu hasa ni wapi. Alieleza wanavyomshika nywele bila ruhusa. Ua wetu ulichemka. Mke wa kaka alipiga ulimi, akasema, "Bazungu habana roho!" Kaka alisimama kabisa.

"Mutu anazaliwa pale, anasoma pale, analipa kodi pale, na bado banamuuliza kwabo ni wapi? Ubaya gani hiyo!"

Nilifurahi, nakiri. Nikasema moyoni, yameingia. Mke wa kaka akamimina chai, akampa jirani kikombe, akamwangalia pua kwa muda, kisha akauliza kwa upole wote: "Na weye, mama, kwenu kabisa ni wapi?"

"Masisi."

"Ndiyo, lakini kabisa kabisa?"

"Baba yangu alizaliwa Masisi. Na baba yake."

"Sawa. Lakini mbele ya pale?"

Jirani alikunywa chai yake. Nyani haoni kundule. Nilitazama nyuso zao nikitegemea angalau mmoja ajisikie, ajikwae kidogo, lakini kila mtu alikuwa anangoja jibu. Mimi ndiye niliyeona aibu, kama kwamba simu ilikuwa yangu na masikio nayo ni yangu peke yangu.

Kisha mlima ukapasuka tena. Moto wenyewe ulisimama juu kule karibu na Munigi, haukutufikia, lakini ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, ukuta wa jirani ukapasuka kutoka juu hadi chini, na asubuhi moja redio ikatangaza kwamba wa mitaa yetu wote wahame mara moja. Barabara ya Sake ilijaa mpaka pomoni. Nilitoka chumbani kwa mikono, nikajikokota juu ya mawe hadi uani, nikamkuta kaka anapakia trisikli. Godoro chini, unga juu yake, televisheni katikati ya nguo, sufuria zikaning'inia nyuma. Alikuwa anafunga kamba vilevile anavyofunga siku za soko, kwa haraka na kwa ustadi, hata fundo lilikuwa lilelile. Mimi nilibaki chini, karibu na gurudumu, nikingoja anione. Aliniona.

"Mudogo, ngoja hapa. Tunapeleka bintu kwanza, kisha tunakuya kukubeba."

"Yaya," nikamwita, kama kwetu tunavyomwita kaka mkubwa, "mimi nitakaa wapi hapo juu?"

"Si ninakuambia tunakuya? Usilie. Chunga nyumba."

Wakasukuma. Mke wake aliwashika watoto mkono, sufuria zikalia zikielekea barabarani, na mlango wa ua ukabaki wazi.

Nimemfikiria sana kaka yangu tangu siku ile, na ubaya hasa wa jambo ni kwamba hakuwa katili. Katili ningemsamehe haraka. Yeye alifanya kazi yake. Trisikli hupakiwa, kisha huondoka, na mimi kazi yangu juu yake ilikuwa kuiendesha ili mpakani wasitoze. Siku ile hapakuwa na mpaka. Aliweza kuisukuma mwenyewe, basi mlemavu hakuhitajika. Jioni zote zile za vipindi, kutingisha kichwa, "kweli kabisa mudogo," hazikuweza kushinda fundo moja la kamba.

Nilikaa mlangoni. Ardhi ilitetemeka, na kila ilipotetemeka nilimwita mama yangu kwa sauti, mtu mzima mimi. Mtaa ulinyamaza hata mbwa hawakuwapo. Ndipo jirani akarudi. Alikuwa ameshafika mbali, binti yake akamwambia kwamba ameona trisikli yetu barabarani imejaa magodoro bila mimi juu. Aligeuka kinyume cha watu wote. Alimleta kijana wa chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini wanayobebea makaa, na kijana mwenyewe hakutaka.

"Mama, hii ni ya mizigo. Haiko ya batu."

"Basi muweke kama mzigo," jirani akamjibu. "Mbona magunia haujayauliza?"

Wakaniinua, wakanikalisha juu ya magunia ya makaa, akanifunga kwa shuka yake ili nisianguke. Tulipita Ndosho, tukafika Sake mimi mweusi kwa masizi, mgongo umekatika, jirani anatembea pembeni ameshika goti langu. Vyombo vya kaka yangu vilikwenda kwa kiti cha mlemavu, na mlemavu akaenda kwa gari la makaa. Kaka tulimkuta kwenye uwanja wa shule. Alifurahi kweli kuniona, alinikumbatia, masizi yakamchafua shati. "Tulikuwa tunapanga kurudi," akasema. Nilimwomba anishushe tu.

Tuliporudi Goma, hakuna aliyezungumza habari ile tena. Nilimweleza mtawa, akanipa kipindi kingine, juu ya ulemavu na majanga. Nilisikiliza peke yangu. Walisema mipango ifanywe mapema, majirani washirikishwe. Nilitaka kuivunja simu.

Halafu waasi, wengi wao wasemaji wa Kinyarwanda kama jirani yetu, wakaanza kushuka kutoka Rutshuru. Wakimbizi walijaa Munigi, vita vikasogea hadi Kibati, na kwetu mitaani watu wakaanza kusoma pua za wenzao kama wanavyosoma tangazo ukutani. Aliyekuwa jirani akawa "hawa watu". Vijana walikuja kupiga ngumi mlango wa muuza maziwa mchana kweupe, wakimwambia arudi kwao. Wateja wakasema maziwa yake yana sumu. Mke wa kaka, aliyekunywa maziwa yale kwa miaka, akaacha kumsalimu, na kigoda hakikuvuka tena.

Jioni moja walikuwa wote uani nikakiweka kile kipindi cha mwanamke wa Ulaya, kwa sauti ya mwisho, ukuta ule uliopasuka usikie. Alipofika pale pa "kwenu hasa ni wapi", kaka akaninyooshea kidole.

"Zima hiyo."

"Kwa nini? Siku ile ulisimama."

"Ile inazungumza juu ya Bazungu. Haituangalie siye."

"Mama huyu alinitoa hapa, yaya. Mulinitupa, yeye akarudi."

"Na ni nani anakulishaka?" akauliza, yeye, mbele ya unga wake. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na siyajutii hata moja. Hayakusaidia. Siku hiyohiyo ya ugomvi jirani alisikia yote kupitia ufa, na kesho yake aliondoka na binti yake kwenda Gisenyi, mabegi mawili na ndoo ya jibini. Alipita kuniaga. Nilitaka kumsindikiza hadi mpakani, akakataa, alisema nisionekane naye. Nilimshika mkono mpaka akanibandua vidole.

Vita vilipoingia mjini hapakuwa na pa kukimbilia. Mabomu yalianguka mchana, risasi zikapita juu ya mabati, na kaka akanibeba mwenyewe hadi sebuleni kwake kwa sababu kuta zake ni za matofali. Ndiyo, alinibeba. Tulilala sakafuni wote, na hakuna aliyethubutu kusimama. Kwenda kuchota maji kwenye dumu ni kutambaa, kwenda kwenye ndoo ya haja ni kutambaa. Siku ya pili magoti ya kaka yalikuwa yamechubuka yanatoa damu. Alinisogelea kwa tumbo, jasho linamtiririka.

"Mudogo, weye unafanyaka namna gani usiumie?"

Nikamfundisha. Uzito weka kwenye viganja, kiuno kiinue, goti lifuate tu. Alijifunza haraka, akawafundisha watoto. Nyumba nzima ilitambaa vizuri. Ule ujumuishi wa mtangazaji wangu ukawa umefika uani kwetu, umeletwa na mabomu.

Milio ilipokoma walisimama wote, wakajinyoosha, wakatoka nje kutazama. Mimi nilibaki pale chini. Niliwasikia wanaita watoto, wanacheka kwa kuwa wako hai. Kabla ya jua kutua nilisikia pia mlango wa jirani unavunjwa, na sauti ya kaka akisema ni kwa ajili ya kuulinda. Kufa kufaana. Kesho yake magunia ya kaka yalikuwa sebuleni kwa yule mama, yamepangwa safi.

Mtandao uliporudi jirani alinipigia kutoka Gisenyi. Nilimwambia kaka alivyochubuka magoti akacheka sana, na nilifurahi kukisikia kicheko hicho. Kisha nikamwambia habari ya mlango, na ya magunia.

"Waache," akasema. "Nyumba ni miti na mawe. Sasa, mwanangu, siye hatuko tena hapo. Wakikimbia mara nyingine, weye, ni nani atarudi ku..."

Hakumalizia. Nilimwambia mtandao unakatika, ingawa nilikuwa namsikia vizuri kabisa.