Spika Mpya ya Bafle la Kwaya

Kwaya ilinifukuza kwa sababu mume wangu na mimi hatujafunga ndoa kanisani. Hivyo tu. Miaka yote nilipiga besi, watoto wakazaliwa nikipiga besi, na hakuna aliyeuliza. Papa prezida, mkubwa wa kwaya, alipopata mkwe anayejua kushika gitaa, mume wa binti yake, ndipo alipokumbuka ghafla kwamba ninaishi katika dhambi.

Huyo mkwe alipiga besi kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Alifungua sauti ya ampli mpaka mwisho, na katika harusi moja hapa Kalemie akaunguza spika. Bafle letu ni sanduku la mbao lenye spika mbili, moja juu ya nyingine. Nilikuwa nimeketi na wageni. Niliposikia ile ya chini ikikoroma kisha ikanyamaza, nilifurahi, wala sioni haya kusema.

Spika mpya ikaja na boti kutoka Kigoma, imeviringishwa katika blanketi. Ndipo Papa prezida akabisha hodi kwangu. Marehemu baba alifanya kazi relini, na jioni alitengeneza redio za watu. Mimi alinifundisha kulehemu, mtaa mzima unajua.

"Mama, tunaomba mikono yako," akasema.

Huo ndio utaratibu wa parokia yetu. Asiye na sakramenti ya ndoa hasimami na kwaya, lakini kufagia, kupika siku ya sikukuu na kutengeneza vitu, karibu sana. Nilikwenda. Nilikwenda na tumaini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nyuma ya sakristia nikafungua skrubu, nikaitoa ile iliyokufa. Karatasi yake, ile koni ya mbele inayotetemeka, ilikuwa nzima, ila ukiisukuma kwa kidole inakwaruza ndani, na ilinuka kuungua. Nikalehemu waya za spika mpya. Halafu nikafanya kama baba: nikagusisha betri ya redio kwenye waya za bafle, nikatazama. Karatasi zote mbili ziliruka mbele pamoja. Ni lazima zisukume pamoja. Ukigeuza waya za moja, hii ikienda mbele ile inarudi nyuma, na besi inaliwa katikati yao. Kinachobaki ni sauti nyembamba ya puani.

"Papa, sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia nitapiga?" nikauliza.

Alicheka. Hata hakucheka kwa ubaya, alicheka kama aliyesikia neno la mtoto.

"Weye Mama! Weye uko fundi. Mwenye kupiga njo huyu."

Akamwonyesha mkwe, aliyekuwa pale pembeni anachokonoa meno kwa kijiti.

Walipotoka kutafuta waya wa umeme, nikageuza waya za spika mpya. Nikarudisha skrubu zote, nikazikaza vizuri. Waliporudi, mkwe akagusa nyuzi kidogo na Papa prezida akaweka kiganja kwenye karatasi, ikamtetemesha.

"Inapumua," akasema. Wakaridhika.

Siku ya sikukuu niliketi viti vya nyuma na akina mama. Nilitaka waaibike. Nilitaka waanze kuimba na chini ya wimbo pawe na shimo, watu wageuke, hata mtu mmoja tu aulize: besi iko wapi, na yule mama aliyekuwa anaipiga yuko wapi? Wimbo ukaanza. Shimo lilikuwepo, nililisikia hadi kwenye magoti. Nikatazama nyuso, moja moja. Vigelegele. Wazee wakacheza na leso zao mkononi. Wakati wa sadaka, vigelegele zaidi.

Nje, mama niliyeketi naye akanishika mkono.

"Mama, bafle umeitengeneza muzuri sana! Zamani kulikuwa ile kelele ya chini, maneno haikukuwa inasikilika. Leo tumesikia yote."

Kelele ya chini. Kumbe hilo ndilo lilikuwa jina la kazi yangu miaka yote ile. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka, naye akadhani nimeguswa na misa.

Juma lililofuata kwaya ya vijana ilileta bafle lake kwa mkokoteni. Spika zake zote mbili zilikuwa nzima. Walitaka tu lisikike kama lile la wakubwa. Nikachukua bisibisi, nikalifungua.