Mshiko wa Peres

Mume wangu Were alikuwa akikata ua wa miti kwa Wazungu wa Lavington mchana kutwa, akirudi nyumbani Kabiria vidole vimevimba, hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Lakini gitaa je? Gitaa alilishika! Na mimi nimetoka hukohuko kufua na kupiga pasi nguo za memsaabu, mgongo unawaka moto, bado nikae nisikilize nyuzi. Nilikuwa nanung'unika, sikatai.

Wimbo wenyewe ulikuwa na mishiko miwili tu ya vidole, inakwenda inarudi, inakwenda inarudi, na majina ya watu juu yake. Kwetu mpiga gitaa husalimu watu ndani ya wimbo, mmoja mmoja, na yule mkubwa wa wote huwekwa mwisho. Mwisho wa wimbo huu alikuwa Peres, dada yake. Hapo Were alikuwa akibadilisha vidole, anaingia mshiko wa tatu, mtamu hata mimi na hasira zangu naacha kusonga ugali.

Peres ndiye aliyemlea Were mama yao alipokufa. Hakujaliwa mtoto, mume akamrudisha kwao, na sasa kifua kilikuwa kinamsumbua. Jina la mtu hubaki kwa wajukuu. La Peres lingebaki wapi? Were akamwambia, "Nitakuweka kwenye santuri, dada. Hata ukiondoka, utaitwa." Peres alikuwa anaishi kwa neno hilo.

Basi mwaka wa hamsini na moja, Mhindi mmoja wa mjini mwenye duka la santuri akakubali kumrekodi. Tulikwenda Jumamosi baada ya kazi, mimi nikiwa mpiga chupa. Chupa ya soda, unaigonga kwa msumari. Mhindi akasema, "Sikiza, Were. Santuri ni dakika tatu tu. Taa nyekundu ikiwaka, maliza."

Nikamwambia mume wangu palepale, "Anza na Peres."

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Nanjala, dada yangu nimweke mbele kama mpita njia?"

Akaanza. Akamsalimu Haron, mwenye nyumba wetu. Akamsalimu mke wa Haron, Waceke. Akamsalimu Odero mpishi, akasalimu kwaya yote ya kanisa, akasalimu watu wa kwao wanaofanya kazi reli. Wote alikuwa amewaahidi, angemruka nani? Mimi nagonga chupa huku nimemkodolea macho: haraka, baba, haraka! Vidole vikahamia kwenye mshiko wa tatu, na taa ikawaka. Aliupiga mara moja tu, jina la Peres halijatoka, Mhindi akainua mkono, basi, kwisha. Were akaomba arudie. "Ya nini? Imetoka safi sana," akaambiwa, na wengine wanangoja nje na magitaa yao.

 Njiani nikamwambia, "Mjulishe Peres kabla hajasikia." Akasema atamjulisha. Lini? Kesho, kesho, mpaka santuri zikatoka, na Peres mwenyewe akashuka kwenye gari la moshi, amekonda, amevaa nguo yake ya kanisani. Were akambebea mzigo, mdomo ameufunga. Nilitamani kumzaba kofi.

Jumapili tukakusanyika kwa Haron, maana ndiye aliyekuwa na gramafoni. Haron aliposikia jina lake akaruka: "Aisee! Ni mimi huyo!" Waceke alicheka akashika mbavu. Odero akataka irudishwe nyuma, tukamwambia anyamaze. Peres alikaa kwenye kigoda, karibu kabisa na mashine, akiitikia kwa kichwa kila jina lilipopita. Mshiko wa tatu ukalia. Akanyoosha shingo. Sindano ikaanza kukwaruza.

"Geuzeni," akasema. "Nitakuwa upande wa pili."

Haron akageuza. Upande wa pili alikuwa Nzioka fulani, anaimba kwa Kikamba habari za baisikeli yake. Peres alisikiliza wimbo wote, mkono shavuni, mpaka mwisho.

Nikashindwa kuvumilia. "Wifi," nikamwambia, "hukufika. Santuri ilikwisha kabla yako."

Were akaanza kulia mbele za watu. Akachukua gitaa, akaingia kwenye ule mshiko, akamwimba: Peres aliyenibeba, Peres aliyelala njaa nikala mimi. Akaimba mpaka sauti ikakauka. Watu wakapiga makofi. Peres naye akapiga, polepole.

"Asante, mdogo wangu," akasema. "Lakini nikifa, utakuwa unakaa kando ya hiyo mashine kila siku?"

Were akaliweka gitaa chini. 

Peres alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Santuri tunayo, na gramafoni ya zamani Haron alituachia alipopata mpya. Were hutoka nje ikipigwa. Majirani ndio wanaokuja kuitaka, kila mtu anataka kusikia jina lake, akishalisikia anaanza maneno mengine. Mimi niko kwenye jiko, sufuria iko motoni. Ule mshiko ukilia tu, naita kwa nguvu, "Peres!"

Lakini kuna siku narudi kutoka Lavington nimechoka, mwiko uko mkononi na akili iko kwingine, na sindano inakwaruza kabla sijafungua mdomo.