Mfumo Uliomwamkia Bosi

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najicheka.

Natengeneza mfumo wa maombi ya likizo kwenye ofisi moja hapa Mtumba, Dodoma. Wiki iliyopita ulikuwa unakwama, na sikujua unakwamia wapi. Kuandika mstari wa kuripoti ndani ya kila fanksheni, yaani kila kipande cha programu, kwa mkono ni kazi ya kuchosha, na uvivu wangu ni wa kuzaliwa nao. Nikaunda kijiprogramu cha kuchomeka mistari hiyo chenyewe, ili kila fanksheni ikianza kazi ijitangaze kwenye skrini.

Ijitangaze vipi? Hapo ndipo utoto uliponishika. Bosi wetu tunamwita Mzee Kobe, kwa siri bila shaka, kwa sababu faili likifika mezani kwake, sahau. Basi nikaweka: "Shikamoo Mzee Kobe, naanza kazi." Nilijua nitasoma peke yangu, halafu nifute.

Tatizo nikalipata. Kwa furaha nikaenda zangu Ihumwa kula chipsi mayai, na kufuta nikasahau.

Jumatatu bosi akaingia na wageni. "Kijana, hebu waonyeshe."

Nikawasha skrini kubwa ya ukutani, nikabonyeza "Omba likizo".

Shikamoo Mzee Kobe, naanza kazi. Shikamoo Mzee Kobe, naanza kazi. Ukuta mzima ulikuwa unaamkia! Wenzangu wote wakainama kutazama viatu vyao.

Bosi akavaa miwani, taratibu kama kawaida yake, akasoma mpaka mstari wa mwisho, kisha akanigeukia.

"Marahaba," akasema.